Chupa ya Tatu

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema hayo mawili mapema kwa sababu bila hayo mtu anaweza kudhani kwamba yaliyotokea nyumbani kwetu Igogo yaliletwa na ugonjwa. Ugonjwa ulichangia. Mengi tuliyafanya wenyewe, mimi na wifi yangu.

Ugonjwa ulikuwa homa ya ini, ile aina ya C. Sijui niliupata wapi. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuongezewa damu zamani, nikamwambia ndiyo, nilipojifungua mtoto wa pili. Akaandika, hakusema ndiyo hiyo wala hakusema siyo. Miaka yote hiyo nimekaa nao bila kujua, nashona, nakula ugali wangu na sato, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na virusi vimetulia ndani kama mpangaji asiye na kelele. Nilijua siku nilipokwenda kumchangia damu jirani aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Wenzangu walipewa soda wakaenda zao. Mimi baada ya siku chache nikapigiwa simu nirudi.

Mtaani kwetu ukitaja ini watu wanashusha sauti. Wanakumbuka mtu fulani aliyevimba tumbo, macho yakawa ya manjano, akazungushwa kwa waganga mpaka akaisha. Kwa hiyo nilikwenda hospitali nikiwa nimeshajizika mwenyewe. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, akaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Akaniambia hii ya kwangu si ile ya B. Hii ina dawa ya kuiondoa: kidonge kimoja kila siku, kwa wiki kumi na mbili.

"Inaondoka kabisa?" nikamuuliza.

"Kwa watu wengi sana, kabisa."

Wiki kumi na mbili alizipanga kwa tahadhari. Kipimo kimoja cha damu kilimtia wasiwasi kwamba huenda ini limeanza kupata makovu, na mtu mwenye makovu hutibiwa kwa muda mrefu zaidi. Kipimo cha mashine, kile kinachoonyesha kama ini ni gumu au laini, foleni yake ilikuwa ndefu. Akasema tusipoteze muda, anza dawa, utapimwa ukiwa njiani. Nikapewa chupa tatu, kila moja ya wiki nne, nikazipanga juu ya kabati la vyombo.

Mume wangu ni fundi ujenzi na ni mtu wa maneno machache. Jioni ile alitumia maneno yake karibu yote kumpigia simu dada yake.

Dada yake huyo, yaani wifi yangu, ametutangulia sote kwa umri. Ni mjane, anaishi ng'ambo ya daraja la Kigongo, upande wa Sengerema. Kwa miaka mingi alijitolea kijijini kwao kusimamia wagonjwa wa kifua kikuu. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha mgonjwa anameza dawa mbele yake, kila siku, mpaka dozi iishe, kisha kuweka alama ya vema kwenye kadi. Mgonjwa akitoroka, wifi anamfuata. Amewafuata watu mashambani, amewafuata kwenye kambi za wavuvi, na mmoja alimkuta kisiwani akamrudisha kwa mtumbwi huku amemshika mkanda wa suruali. Wengi aliowakamata wako hai, na wakikutana naye barabarani bado wanavuka upande wa pili.

Siku ya pili ya dawa zangu wifi alikuwa mlangoni, begi mkono huu, kuku wawili mkono ule.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Marahaba. Kidonge cha leo umemeza?"

Tangu siku hiyo, saa moja kamili asubuhi, nilikuta ameshasimama na bilauri ya maji. Nikimeza ananiambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi, mama wa watoto watatu watu wazima, nainua ulimi. Kisha anaweka vema kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mchana ananiletea uji wa ulezi kwenye kibanda changu cha ushonaji, na akiona wateja wamejazana anawafukuza. "Fundi anapumzika, njooni kesho." Nilimwambia kesho watakwenda kwa fundi mwingine. Akanijibu kwamba fundi mwingine hana wifi kama yeye, na kweli nadhani hakuwa naye.

Sitaki kumsingizia. Vidonge vilinichosha na kuniumiza kichwa, na kuna asubuhi ambazo kama asingesimama pale ningesema nitameza baadaye, na hiyo baadaye naijua. Nilimchukia mpaka saa moja na dakika tano, kisha nikampenda siku nzima.

Baada ya wiki nne damu ilipimwa, virusi havikuonekana. Wiki ya saba foleni ya mashine ikanifikia. Nililala kwenye kitanda, mhudumu akapaka kitu cha baridi ubavuni, mashine ikawa inanidunda kidogo kidogo kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Daktari alipoyasoma majibu alitabasamu hata kabla ya kuongea.

"Mama, ini lako ni laini. Makovu niliyokuwa nayaogopa hayapo. Na kwa hivi vidonge unavyotumia, mtu asiye na makovu wiki nane zinamtosha. Wiki ijayo unamaliza."

"Si kumi na mbili?"

"Nane."

"Nikiendelea nazo zote, zitanidhuru?"

"Hazitakuua. Lakini dawa usiyoihitaji ni dawa usiyoihitaji. Ile chupa ya tatu usiifungue, nirudishie. Nina watu hapo nje wanasubiri."

Nilipotoka niliwaangalia hao watu kwenye benchi. Mmoja alikuwa baba mwenye kofia ya kufuma, amekaa amejikunja kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nilitamani kumwambia jambo, nikaona haya, nikapita. Nilishuka mpaka mjini kwa miguu. Sikumbuki lini nimetembea vile, mabega mepesi, ziwa linang'aa kule chini na mimi nacheka mwenyewe. Nilinunua sato mkubwa. Jioni nikamkaanga, nikawapa habari.

Mume wangu akasema, "Mungu ni mwema," akachukua mkia.

Wifi hakugusa samaki. Alinawa mikono, akaifuta, akaniuliza, "Aliyepunguza ni daktari, au ni dawa iliyokwisha hospitali?"

"Dawa ninayo juu ya kabati, wifi. Chupa nzima."

"Kwa hiyo dawa ipo, mgonjwa yupo, na dozi haijaisha."

"Imeisha. Nane ndiyo dozi yangu."

"Wiki saba zilizopita dozi yako ilikuwa kumi na mbili." Alisema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. "Hilo daraja la Kigongo lingeishia theluthi mbili ya maji, wewe ungelipita?"

Nilikasirika. Mtu akinishinda kwa hoja huwa nakasirika zaidi kuliko akinitukana.

Wiki ya nane ikaisha. Nilikimeza kidonge cha mwisho kwa furaha, nikainua ulimi kwa furaha, wifi akaweka vema. Kesho yake saa moja nikatoka chumbani nikamkuta amesimama na bilauri. Mkono wa pili ameshika chupa ya tatu, bado ina kizibo chake.

"Wifi, nimemaliza."

"Meza."

"Simezi."

Akaiweka chupa chini taratibu, akaniangalia. Niliuona uso wake ukibadilika, nikajua nimehamia upande mwingine wa daftari lake. Nilikuwa mtoro wa dozi.

Alikuwa na utaratibu wa watoro, na aliufuata kwangu hatua kwa hatua kama anavyoujua. Kwanza utamu. Siku mbili nililetewa chapati na chai ya maziwa kitandani, na pembeni ya kikombe chupa. Pili watu ninaowaheshimu. Jumapili baada ya ibada mchungaji alinishika mkono akanishauri nisichoke kabla ya mwisho wa mwendo, na kiongozi wa kwaya akaniuliza kama kuna kitu nyumbani kinanikatisha tamaa. Nikawaeleza wote wawili. Walinisikiliza kwa huruma, kwa namna mtu anavyosikilizwa akisema hajalewa.

Hatua ya tatu ni kazini. Jumatatu wifi alikuja kwenye kibanda changu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaipakata chupa. Kila aliyeingia, wifi alimsalimia vizuri kwa kilugha, "Mwangaluka, mayu," kisha anamwambia, "Msaidieni kumshauri fundi wenu. Ameacha dawa za ini."

Nilikuwa sijawaambia wateja. Mama mmoja aliyekuja kupima gauni la binti yake la ubarikio kanisani akasogea nyuma. Akatazama mkono wangu, akatazama pini nilizozibana mdomoni. Nilijaribu kumweleza kwamba haiambukizwi kwa kukaa karibu wala kwa kugusana, na kwamba hata hivyo nimeshapimwa na havionekani. Akasema amesahau kitu nyumbani. Aliondoka na kitambaa chake.

Hapo ndipo hasira zangu zilipofika. Nilitema pini mezani. Nilimwambia wifi maneno mengi, na mengi nimeyasahau, lakini moja silisahau. Nilimwambia: "Kama unajua kusimamia dozi kiasi hicho, mbona mumeo alikufa kwa kifua?"

Cherehani ilikuwa imesimama, barabara ilikuwa na kelele zake, lakini nilisikia pumzi yake. Mume wake alikufa miaka mingi iliyopita. Sisi sote tulijua ni kifua kikuu, tulijua alitibiwa, tulijua kilirudi. Hatukuwahi kuuliza zaidi.

"Alikufa kwa sababu nilimpunguzia," wifi akasema.

Sikumwelewa. Akaendelea, akiiangalia chupa tu. Mumewe dawa zilimsumbua sana. Alikuwa anatapika, anakonda, anamlilia usiku na mchana. Ilipobaki miezi miwili alikuwa hakohoi tena, ananenepa, analima. Akamwomba mkewe: nimepona, niachie. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Akamwonea huruma. Kila asubuhi kwa miezi miwili alichukua kadi ya mumewe, akaweka vema, na vidonge akavifukia nyuma ya choo.

"Kadi yake ipo, wifi. Imejaa vema zote. Wale wa kituo cha afya walinipongeza." Akaigeuza chupa mkononi. "Kilirudi baada ya mwaka mmoja, na mara hiyo hakikusikia dawa. Wewe ni mtu wa kwanza kumwambia."

Nimeishi na ulimi wangu muda mrefu, na sijawahi kuuonea aibu kama siku ile. Nilitoka nyuma ya cherehani, nikapiga magoti mbele yake, palepale kwenye vipande vya vitambaa, nikamwomba msamaha. Alinishika kichwa. Akasema, "Nisamehe na wewe kwa yule mama wa ubarikio." Tulifunga kibanda saa tano asubuhi, jambo ambalo sijafanya hata siku ya mvua kubwa, nikamwambia twende tukamwone daktari wote wawili, yeye aulize mwenyewe.

Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Tulipoingia yule binti alisimama akamwamkia wifi. Wifi akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akauliza maswali yake kama mtu aliyefanya kazi hiyo kabla daktari hajazaliwa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa nini umepunguza? Nani alikuruhusu? Vijidudu vilivyojificha utavijuaje? Kisha akamtupia lile daraja la theluthi mbili.

Daktari hakucheka. Alifikiri.

"Mama, ungekuwa umeniambia nimkatize mtu wa kifua kikuu, ningekufukuza humu ndani. Kile dozi yake inajulikana, na haipunguzwi kwa sababu mgonjwa amejisikia nafuu. Huyu sijampunguzia kwa sababu amejisikia nafuu. Mwanzoni tulijenga daraja la maji mapana kwa sababu tulikuwa hatujapima maji. Tumepima. Ni membamba kuliko tulivyoogopa. Daraja lake limefika ng'ambo."

"Una hakika?"

"Kwa watu wengi walio kama yeye, nina hakika. Kwa huyu mmoja tutajua wiki kumi na mbili baada ya kidonge cha mwisho. Tunapima damu. Kama bado havionekani, amepona."

"Na vikionekana?"

"Tunamtibu tena. Zipo dawa nyingine."

Wifi akasema kitu ambacho nadhani kilikuwa kigumu kwake kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya mtu mwenye koti jeupe. "Sawa. Sikio halizidi kichwa."

Tulikwenda dirisha la dawa. Wifi mwenyewe aliitoa chupa ya tatu kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso. Mfamasia akaishika, wifi hakuiachia. Kwa muda walikuwa wameishika wote wawili kama watu wanaosalimiana. Yule baba wa kofia ya kufuma, au mwingine aliyefanana naye, alikuwa amesimama nyuma yetu na karatasi mkononi. Wifi alimwangalia, akaachia.

Nilidhani atarudi kwake Sengerema. Hakurudi. Alisema mahindi yake yana watu wa kuyaangalia. Hakuniambia tena fungua mdomo, hakunikumbusha kitu, lakini kila asubuhi alinisimamisha mlangoni kwenye mwanga akanitazama weupe wa macho, kisha akaenda kukoka moto bila neno. Siku zile za kugombana zilikuwa nyepesi kuliko kimya hicho. Nilianza kujichunguza. Nikichoka, nasema vimerudi. Nikikosa hamu ya kula, vimerudi. Siku moja niliamka na maumivu ya ubavu, nikakaa kitandani nikihesabu vidonge ambavyo sikumeza, ishirini na nane, na nikajuta kwamba nilikubali chupa iende. Baadaye nilikumbuka kwamba jana yake nilikuwa nimehamisha cherehani peke yangu.

Nilimuuliza mume wangu: "Na kama dada yako ndiye aliyekuwa sahihi?"

Alikuwa anavaa viatu vya kazini. Akafikiri mpaka akamaliza kufunga kamba. "Mimi naomba muwe mmekosea wote wawili kuogopa," akasema, akaenda zake.

Mama wa ubarikio alirudi. Binti yake mkubwa, kumbe, anasomea uuguzi, na alimsema mama yake vibaya sana. Nikamshonea gauni, nikazibana pini mdomoni mbele yake kwa makusudi. Naungama, sijawa mtakatifu.

Siku ya kupima ikafika, kisha siku za kusubiri majibu, ambazo kwangu zilikuwa ndefu kuliko zile wiki zote. Siku ya majibu wifi alivaa nguo zake za kanisani. Mume wangu alikwenda kazini kama kawaida, akamwaga ndoo nzima ya zege kwenye mguu wake mwenyewe. Hilo nilikuja kulisikia jioni.

Daktari alikuwa na karatasi mbele yake. Nilitazama midomo yake.

"Havionekani, mama," akasema. "Umepona."

Nilisema asante. Nilisema tena asante. Nikagundua kwamba nimeshika ukingo wa meza yake na kucha zangu zimekuwa nyeupe. Miezi ile yote nilikuwa nimejibana mahali fulani ndani, na sasa palikuwa panafunguka, na machozi yalikuwa yanatoka yenyewe bila mimi kulia.

Wifi alinyoosha mkono. "Naomba niione."

Daktari akampa karatasi. Wifi alitoa miwani, akaivaa, akasoma kuanzia jina langu juu mpaka sahihi chini. Akarudia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Hapa hakuna mtu aliyeweka vema tu?"

Daktari hakuelewa. "Hapana mama, hii inatoka kwenye mashine."

Mimi nilielewa. Nilimshika mkono chini ya meza.

Nje tulikaa kwenye kiti cha saruji karibu na geti. Nilidhani wifi atalia. Alikaa akitazama magari yakiingia na kutoka, kisha akasema, "Wifi, kuna jambo jingine nimelifanya."

"Umefanya nini tena?"

"Nilinunua vitenge. Jora zima."

"Vya nini?"

"Vya sare." Akajikohoza. "Sare ya ukoo. Ya msiba wako."

Nilimtazama. Alikuwa hanitazami.

"Ile wiki uliyokataa kumeza, ndipo nilipoenda sokoni. Nikasema mambo ya msiba hayataki kukurupuka. Nilichagua bluu yenye maua madogo, maana nyeusi ulishasema inakuzeesha. Viko chini ya kitanda ninacholalia. Lakini nilikwama kwenye fundi. Hapa mjini simjui fundi mwingine, na nisingeweza kukupa wewe uvishone."

Nilicheka. Nilianza kidogo, nikajaribu kujizuia kwa sababu tuko hospitali na watu wana shida zao, nikashindwa. Nilicheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kama mama ni mzima. Wifi akamwambia, "Huyu ni mzima. Tumeandikiwa." Ndipo naye akaanza, tukawa tunashikana mabega, tunacheka na kulia, na mlinzi amesimama pale hajui atuletee maji au atutoe nje.

Nilizishona sare zile wiki hiyohiyo, kwa ajili ya ibada ya shukrani. Za binti zangu, ya mke wa kaka yao, yangu, na ya mwisho yake. Nilifungua daftari langu la vipimo kutafuta vyake vya Krismasi iliyopita, kisha nikaona nimpime upya. Alisimama katikati ya kibanda, mikono juu, nikazungusha utepe kiunoni. Nikaangalia namba. Nikaangalia daftari, nikazungusha tena, nikidhani nimekosea. Alikuwa amepungua inchi nne. Mimi, katika miezi hiyohiyo aliyokuwa akinihangaikia, nilikuwa nimeongezeka mbili.

"Imekuwaje?" akauliza. "Mbona umenyamaza?"

"Hakuna," nikamwambia. "Shusha mikono."

Niliikata nguo yake kwa vipimo vya Krismasi.